Ushahidi wa Damu katika Hadithi ya Upelelezi

Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ndiye aliyeipa riwaya ya Kiswahili mpelelezi wake mashuhuri. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake. Na tangu hapo wasomaji wamezoea kuona mafumbo yakifumbuliwa kwa akili, si kwa uganga. Lakini mwandishi anayeifuata njia hiyo huweza kushawishika kuikabidhi sayansi kazi ile ile ya mganga: kundi la damu likatajwa, na papo hapo baba akajulikana.

Hoja hiyo ni dhaifu. Makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner aliyatangaza mwaka 1901, huweza kukanusha uzazi, hayawezi kuuthibitisha. Tuchukue mfano wa kubuni wa mzozo wa nyumba ya urithi katika Mji Mkongwe. Mama ana kundi O, kijana ana B, na marehemu alikuwa na B. Je, kijana ni mwanawe? Yamkini. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, kila mwanamume mwenye B au AB, kutoka Malindi hadi Makunduchi, angeweza kuwa baba.

Hata kukanusha kwenyewe kuna mipaka. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, mji uliounganishwa na Unguja kwa biashara, walieleza juu ya watu wachache ambao damu yao hupimwa kama O, ilhali wamebeba urithi wa A au B na huweza kuwarithisha watoto wao.

Mwandishi akiyasahau haya, humvunjia mama heshima na kumnyang'anya mtoto nasaba kwa herufi moja iliyoandikwa kwenye kadi. Wahenga waliposema kitanda hakizai haramu, hawakuwa wakipima damu. Walikuwa wakimlinda mtoto. Na msomaji kijana asiyeonywa huenda akayapeleka mafunzo ya hadithi nyumbani kwao, akaanza kuwashuku wazazi wake.

Leo viko vipimo vya vinasaba, neno lililotokana na nasaba yenyewe, ambavyo nguvu yake ni kubwa zaidi. Kundi la damu na libaki katika hadithi kama dalili moja miongoni mwa nyingi. Mwanafunzi anapolikuta, na aulize: limekanusha nini, na ni watu wangapi wengine wanaolingana nalo?