Jeni Moja, Jike Jingine

Nondo dume wa hariri hawezi kuruka. Kufugwa vizazi na vizazi kumemwondolea uwezo huo, kwa hiyo huyapigapiga mabawa huku akimwendea jike kwa miguu, akipinda kushoto na kulia. Kinachomvuta ni harufu. Mwaka 1959 Adolf Butenandt, mwanakemia wa Ujerumani, alitangaza kemikali yenyewe, bombikoli, baada ya kazi ya miaka mingi iliyohitaji tezi za majike wapatao 500,000.

Hapo tukajua jike anatoa nini. Dume anainusa kwa kitu gani? Jibu lilingoja hadi 2004, watafiti wa Japani walipoipata BmOR1, jeni ya kipokezi inayofanya kazi katika vipapasio vya dume. Waliijaribu ndani ya mayai ya Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika: yai likapewa maelekezo ya kutengeneza kipokezi hicho, likamwagiwa bombikoli, na mkondo wa umeme ukapimwa kwenye utando wake. Ni njia safi, lakini yai la chura halimtafuti jike. Kipokezi kuitikia harufu ni jambo moja, mnyama kuifuata ni jambo jingine.

Ndiyo maana naliona jaribio la 2011 la Takeshi Sakurai na wenzake kuwa kiini cha habari hii. Walichukua PxOR1, kipokezi cha nondo mdogo Plutella xylostella, yule ambaye viwavi wake huwatobolea wakulima wetu kabichi na sukuma wiki. Ukoo mmoja wa nondo wa hariri ulipewa GAL4, protini ya hamira inayowasha jeni, ikiongozwa na swichi ya BmOR1. Ukoo wa pili ulipewa PxOR1 iliyolala, isiyoamka bila GAL4. Koo hizo zikapandishwa. Katika watoto waliorithi vyote viwili, kipokezi kigeni kilijitokeza katika seli zilezile za neva zinazonusa bombikoli.

Madume hao wakaanza kuifuata harufu ya majike wa Plutella, mabawa yakipigapiga kama kawaida, ingawa harufu ile haimwamshi nondo wa hariri wa kawaida.

Tusome matokeo hayo kwa uangalifu. BmOR1 haikuondolewa, PxOR1 iliongezwa juu yake. Kwa hiyo jaribio halisemi kwamba dume alibadilishiwa mapenzi. Linasema kwamba ubongo haujali harufu gani imeingia, bali seli gani imeamka. Unywele wa kipapasio wenye seli inayonusa bombikoli una pia seli ya pili, inayonusa bombikali, kemikali nyingine ya jike. Ikiamka hiyo peke yake, dume hasogei kumtafuta jike. Upande uliobaki wa ushahidi ulikuja 2015, Sakurai na wenzake walipoiharibu BmOR1 kwa kimeng'enya cha kukata DNA kiitwacho TALEN. Madume wakawa hawaitambui bombikoli kabisa. Ongeza jeni, tabia inaongezeka. Iondoe, tabia inatoweka. Sijui ushahidi gani wa jeni ungekuwa mzito kuliko huo.

Kwa viwavi mambo hayajanyooka hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kiwavi wa hariri huvutwa na sisi-jasmoni, mvuke wa majani ya mforosadi, hata ikiwa kidogo mno, na kwamba kipokezi BmOR56 huiitikia kwa ukali na kwa uteuzi mkubwa. Mwaka 2017 watafiti wengine waliondoa jeni iitwayo Orco, na viwavi wakadhoofika katika kuchagua majani. Matokeo hayo hunukuliwa kana kwamba yamemaliza kazi. Lakini Orco ni mshirika wa vipokezi vyote vya kundi la BmOR1 na BmOR56. Kuiondoa ni sawa na kuzima umeme wa nyumba nzima ili kujua taa moja inamulika wapi. Jaribio hilo limethibitisha kwamba kiwavi anahitaji kunusa ili achague jani. Kwamba ananusa kwa BmOR56, hilo halikuguswa.