Kiapo cha docta tukisikie kwa Kiswahili

Majira ya kolasyo yamefika tena. Pita Mulongwe siku ya posho jioni, utaona bango kubwa mbele ya kiwanja: kijana amevaa blusi nyeupe, chombo cha kusikilizia moyo kiko shingoni, na chini wameandika "Pongezi Docta wetu". Mashangazi wamevaa kitenge cha namna moja, muziki unasikika mpaka ng'ambo ya mto, na docta mwenyewe amejaa poda kuanzia kichwa mpaka viatu.

Nataka kukosoa sherehe hii, lakini si kwa njia ile mmeishazoea. Kila mwaka kuna mtu anaandika kwamba ni kupoteza franga, kwamba ingefaa zinunuliwe mashine. Mimi siko upande huo. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ya uhuru, nchi hii nzima haikuwa na daktari hata mmoja mwana-Kongo. Walikuwepo wasaidizi wa matibabu, watu waliofanya kazi karibu yote ya daktari, ila cheo na mshahara wa daktari vilikuwa vya Mbelgiji. Ilibidi kundi la wasaidizi hao litumwe Ufaransa kumaliza masomo. Kwa hiyo mzee ambaye alizaliwa wakati ule, leo akiona mjukuu wake anaitwa docta, muache acheze. Ukiongeza pale miaka saba ya masomo ya mtindo wa zamani, mitatu ya gradua na minne ya doktora, na ule wa mwisho wote ukiupitisha lopitalini kwenye staji bila mshahara, kelele ile ina haki yake.

(Kuna neno moja tu la mtu wa kilimo. Poda sawa. Lakini wale wanaomwaga unga wa muhogo kichwani mwa mtu, mnatuumiza. Kiisha mkumbuke, bila chuki, kwamba mwana-Kongo wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu kule Ubelgiji, Paul Panda Farnana, mwaka 1907, hakuwa docta. Alikuwa agronome. Sijaona bango lake popote.)

Kinachonisumbua mimi ni dakika tatu ndani ya sherehe ile, dakika ambazo hakuna mtu anazungumzia. Nimehudhuria kolasyo za fakulte ya udaktari mara nne sasa, juu ya binamu na marafiki. Kila mara ni vilevile. Majina yanaitwa, wanapanda, wanavaa joho, halafu wanasimama mstari na kuinua mkono wa kuume. Mmoja anasoma kwa Kifaransa, wengine wanarudia. Anasoma mbio, juu jua ni kali na kuna fakulte zingine zinangoja. Wazazi wako mbele wanasukumana na telefone. Mara moja mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Mwanangu, wanaomba?" Kabla sijajibu, mstari ukamaliza, na yeye akasema "Amina" kwa sauti.

Yule mama hakuwa mjinga. Aliona watu wameinua mikono, akasikia lugha asiyoisikia, akafikiri wanazungumza na Mungu. Kumbe walikuwa wanazungumza na yeye.

Juu ya nini nasema hivyo? Soma maandishi yenyewe. Kiapo cha Hippocrate, kwa mavazi yake ya leo, ni Tamko la Geneva, ambalo chama cha madaktari cha dunia kilikubali mwaka 1948 na kulirekebisha mwisho kule Chicago mwezi wa kumi 2017. Docta anaahidi kwamba afya ya mgonjwa itatangulia. Anaahidi kwamba umri, dini, kabila, siasa au hali ya maisha ya mtu haviwezi kuingia kati yake na kazi. Anaahidi kutunza siri hata mgonjwa akiishafariki, na kutotumia elimu yake kuvunja haki za watu, hata akitishwa. Karibu kila ahadi pale ni deni kwa mgonjwa. Sherehe yote iliyobaki, kuanzia bango mpaka bia, inamtukuza mwenye diploma. Ni sehemu ile moja tu inayomfikiria yule atakayelala kitandani, na ndiyo sehemu tumeweka katika lugha ambayo yeye hasikii.

Mwaka 1948 haukuja bure. Mwaka mmoja mbele, kule Nuremberg, mahakama ilikuwa imemaliza kuhukumu madaktari wa Ujerumani waliofanyia wafungwa majaribio na kuwaua. Wale watu walikuwa na diploma nzuri sana. Ndiyo maana wenzao waliona diploma haitoshi, ahadi iandikwe upya.

Na sisi wa Uvira hatuhitaji kwenda Nuremberg. Panda tu Lemera, hapa katika teritware yetu. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 watu wenye silaha waliingia katika lopitali ile wakaua wagonjwa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Lopitali ile ilikuwa inaongozwa na Denis Mukwege, aliyesomea udaktari Bujumbura, kilometa chache kutoka hapa. Miaka mitatu baadaye alianzisha Panzi, na mwaka 2018 akapata Nobel. Tunampigia makofi sana, na ni haki. Lakini mtu wa kwetu akisikia kwa Kiswahili sanifu na wazi kwamba docta ameapa kutouliza kabila la mgonjwa, anajua neno hilo lina uzito gani. Kwa Kifaransa linapita kama upepo.

Kuna jambo lingine, la kila siku. Shangazi yangu mmoja alijifungua kwa upasuaji, akapona vizuri, halafu akakaa siku tisa zaidi katika lopitali moja juu faktire haijalipwa. Kitanda walimwondolea, alilala chini kwenye koridori na mtoto. Najua lopitali zetu zinaishi kwa faktire zile, najua madocta wengi wanafanya kazi miaka bila mshahara wa serikali, kwa hiyo sitaki kumtupia lawama docta mmoja. Ninachosema ni hiki: katika siku tisa zile, hakuna hata mmoja wa familia yetu aliyejua kwamba watu wale waliapa hali ya maisha ya mgonjwa isiwe kizuizi. Tungejua, pengine tungekaa vilevile siku tisa. Lakini tungekuwa na neno la kusema mbele ya meza ya kaisa, badala ya kuomba huruma tu.

Marekebisho ya 2017 yaliongeza ahadi ya docta kugawa elimu yake kwa faida ya mgonjwa. Tuipime hapa kwetu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti juu ya Uvira, ukifuata miaka ya 2009 mpaka 2014: siku maji ya bomba yakikosekana kabisa, watu waliopokelewa kwa kushukiwa kolera katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa 155 kwa mia, ukilinganisha na wakati maji yanatosha. Hayo ni maji yetu, wagonjwa ni majirani zetu. Utafiti uliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kimanga anayebeba bidoni kwenda ziwani atausikia wapi, kama docta wetu mwenyewe ameapa kugawa elimu katika lugha ambayo haitumii na mama yule?

Nimeishaleta wazo hili kwa marafiki, majibu ni mawili. La kwanza: Kifaransa ndiyo lugha ya masomo. Sawa, kiapo kisemwe kwa Kifaransa, halafu kirudiwe. Katiba ya 2006 katika kifungu cha kwanza inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kuagiza serikali iziendeleze. Dakika tatu zingine zitaua nani? Hotuba ya mgeni wa heshima inachukuaka saa nzima.

La pili: Kiswahili hakina maneno. Hapo tulikaa, mimi na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wa udaktari, jioni moja nyumbani kwa mmoja wao, tukajaribu. "Siri" ilikuja yenyewe. "Kabila" pia. Uhuru wa mgonjwa kuamua juu ya mwili wake ulitupa taabu, tukaandika "mgonjwa ndiye atakata neno", na mmoja akasema pale lopitalini hajawahi kuona jambo hilo. Tukabishana muda mrefu.

Halafu tukafika kwenye heshima. Tuliandika: "Nitampa mgonjwa wangu heshima yake." Mama mwenye nyumba alikuwa anachagua maharagwe pembeni, akatuambia tusome tena pale. Tukasoma. Akauliza kama hatujageuza maneno, kama si mgonjwa ndiye anampa docta heshima. Mwanawe akamjibu, "Hapana mama, ndivyo imeandikwa." Mama akaacha maharagwe, akasema, "Basi mwandike kubwa."