Kusahihisha Bila Kufuta: Tahakiki za Ridhaa za Michezo ya Kale ya Kompyuta

Tahakiki nyingi za michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 na 1990 zimeandikwa na watu wa ridhaa, yaani watu wasiolipwa, wenye kazi zao nyingine, waliosukumwa na mapenzi tu. Waliicheza michezo hiyo utotoni au ujanani. Leo ni watu wazima, nao hukaa wakaandika kurasa mbili tatu kueleza mchezo fulani ulikuwaje, ulichezwaje na una thamani gani. Mapenzi yao hayana shaka. Lugha yao, aghalabu, ina kasoro: sentensi hufuatana bila kituo, majina ya watungaji hukosewa, na sifa moja hurudiwa hata ikaishiwa nguvu. Ndipo anapohitajika msahihishaji, ambaye mara nyingi naye ni mtu wa ridhaa, mwenye kalamu nyekundu na nia njema.

Kwamba maandishi hayo yasahihishwe, hilo halina ubishi. Ubishi uko katika kiasi. Tahakiki ya mchezo wa kale ni vitu viwili ndani ya kimoja: ni hukumu juu ya kazi ya sanaa, na ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Hukumu inaweza kunolewa, kupangwa upya na kutakiwa itoe sababu. Ushahidi haunolewi, huhakikishwa, kisha huachwa useme. Msahihishaji asiyetofautisha viwili hivi anaweza kutoa kurasa safi zisizo na kosa hata la herufi moja, na papo hapo akawa amefuta jambo ambalo hakuna mwingine atakayeliandika tena.

Uzito wa suala hili unaonekana mtu akitazama hali ya michezo yenyewe. Mwaka 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Kwa msomaji wa leo, basi, tahakiki ya mtu wa ridhaa huenda ikawa ndiyo njia pekee ya kuujua mchezo. Na hata pale programu ilipohifadhiwa na kuweza kuendeshwa katika kompyuta za sasa, kilichohifadhiwa ni maagizo ya mashine tu. Kusubiri kaseti imalize kusomwa, televisheni ya sebuleni iliyogombewa na jamaa wote, ramani iliyochorwa nyuma ya daftari la hesabu: hayo hayamo ndani ya programu. Yamo katika vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinazeeka.

Mfano mzuri wa namna sauti za wasio na uzoefu zilivyoweza kuhaririwa bila kuzimwa ulipatikana mapema, katika mji mdogo wa Ludlow, Uingereza. Huko lilianzishwa jarida la Crash, ambalo toleo lake la kwanza lilibeba tarehe ya Februari 1984. Jarida hilo lilihusu kompyuta ya ZX Spectrum, iliyotoka mwaka 1982, na wahakiki wake wengi walikuwa vijana wa shule za hapo mjini. Mhariri, Roger Kean, angeweza kuyasaga maoni yao yote yakawa unga mmoja. Hakufanya hivyo. Tahakiki ilianza kwa maelezo ya jumla ya mchezo, kisha yakafuata maoni ya wahakiki watatu, kila mmoja kwa kauli yake, hata walipopingana. Msomaji aliona kwamba mchezo mmoja ulimfurahisha huyu na kumchosha yule, akapima mwenyewe. Udhaifu wa jarida ulikuwa kwenye alama zake za asilimia, zilizojitia uhakika wa mizani ya dhahabu katika mambo ya ladha. Lakini ule utaratibu wa sauti tatu ulikuwa na hekima ambayo msahihishaji wa leo angefaa kujifunza: usafi wa lugha ni kazi ya mhariri, ilhali tofauti ya macho ni mali ya mhakiki.

Ichukuliwe sentensi ya kubuni, ya aina inayopatikana katika maandishi ya namna hii: “Mchezo huu ni mzuri sana picha nzuri muziki mzuri, binamu yangu alikuwa nao kwenye kaseti tulikuwa tunaweka halafu tunakwenda kunywa chai tukirudi bado.” Msahihishaji mwenye haraka ataiandika hivi: “Mchezo huu una picha nzuri na muziki unaovutia.” Sarufi imenyooka, lakini kilichobaki ni maneno yanayoweza kusemwa juu ya mchezo wowote duniani. Kilichoondoka ni chai. Na chai ndiyo iliyokuwa na habari, kwani mchezo uliojaza kumbukumbu ya kilobaiti 48 ulichukua dakika nne hadi tano kuingia kutoka kwenye kaseti, na mara nyingine ulishindikana mwishoni, ikabidi kuanza upya. Msahihishaji makini atafanya kinyume chake: ataweka vituo, ataitunza chai, kisha atamwuliza mwandishi kwa upole hiyo picha nzuri ilikuwa ya nini, na muziki huo ulisikika wakati gani wa mchezo. Huko ndiko kuboresha. Kule kwingine ni kazi ya fundi aliyepelekewa kanzu apunguze mikono, akairudisha imekuwa shati.

Swali la pili ambalo kalamu nyekundu haina budi kuliuliza ni la toleo. Mchezo wenye jina moja ulitolewa kwa mashine nyingi na katika nchi nyingi, na matoleo hayo hayakuwa sawa. Mfano unaofahamika ni Sonic the Hedgehog, uliotolewa na kampuni ya Sega mwaka 1991 kwa mashine ya Mega Drive. Televisheni za Marekani na Japani zilionyesha picha 60 kwa sekunde, na zile za sehemu kubwa ya Ulaya zilionyesha 50. Toleo la Ulaya halikurekebishwa kufuata tofauti hiyo, hivyo mchezo na muziki wake vilikwenda polepole kwa takriban asilimia 17. Mhakiki wa Manchester akiandika kwamba mwendo wa Sonic ulikuwa wa wastani, na wa Chicago akiandika kwamba ulikuwa wa kasi ya kutisha, hakuna aliyekosea. Anayekosea ni msahihishaji atakayemrekebisha mmoja ili alingane na mwenzake. Dawa yake ni fupi: kila tahakiki itaje mashine, mwaka na nchi ya toleo. Mstari huo mmoja huondoa nusu ya magomvi.

Hata hivyo, hakuna kisa kinachoonyesha hatari ya kusahihisha kupita kiasi kuliko kile cha Jet Set Willy. Mchezo huu uliandikwa na Matthew Smith kwa ajili ya ZX Spectrum, ukatolewa na kampuni ya Software Projects mwaka 1984. Mwaka mmoja kabla, Smith, kijana wa chini ya miaka 20, alikuwa ameshajipatia jina kwa mchezo wa Manic Miner. Katika mchezo wa pili, mchimba madini Willy amekuwa tajiri, amefanya karamu katika jumba lake, na mtunza nyumba, Maria, hamruhusu kulala mpaka aokote vitu vyote vilivyotapakaa vyumbani. Shabaha ni nyepesi kueleweka, nayo ilikuwa haiwezekani kutimizwa.

Sababu ilikuwa hitilafu katika chumba cha darini. Mshale uliokuwa ukipita chumbani humo ulipewa njia ndefu kuliko inavyostahiki. Ulivuka mwisho wa ile sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia picha ya skrini, ukaandika juu ya data za vyumba vingine. Tangu hapo, vyumba fulani vilibadilika: kimoja kikakosa maadui wake, kingine kikamwua Willy mara tu anapoingia. Kuanza mchezo upya hakukusaidia, maana data zilikuwa zimekwisha kuharibika. Ilibidi kaseti isomwe tena tangu mwanzo. Kampuni ilidai kwanza kwamba jambo hilo lilikusudiwa, kwamba vyumba hivyo vilijaa gesi ya sumu. Baadaye iliondoa dai hilo na kutoa marekebisho ambayo wachezaji waliyaandika wenyewe kwenye mashine kabla ya kucheza. Marekebisho hayo yalitoka kwa wachezaji wawili walioshinda shindano la kuumaliza mchezo lililotangazwa na kampuni hiyohiyo. Kwa hakika, watu wa ridhaa ndio waliomsahihishia bingwa kazi yake.

Sasa awaziwe mtu anayeandika leo kwamba Jet Set Willy ulijaa gesi ya sumu, kwamba chumba kilichokuwa salama jana kiligeuka kaburi leo, na kwamba yeye na wenzake walitunga hadithi ndefu za kueleza ni kwa nini. Msahihishaji aliyesoma habari za hitilafu ya darini atataka kufuta maelezo yote hayo na kuandika “hili lilikuwa kosa la programu.” Atakuwa amesema kweli, na ataipoteza kweli kubwa zaidi. Kwa kipindi fulani mwaka 1984, gesi ile ilikuwapo kwa wachezaji. Ilieleza kifo kisichoeleweka, na iliwafanya watoto waipitie ramani ya jumba wakitafuta njia isiyokuwapo. Mhakiki anayeisimulia hakukosea. Anatoa habari za namna mchezo ulivyopokewa. Anachohitaji ni tanbihi ya mistari miwili chini ya ukurasa, si mkasi.

Wasomaji wa ushairi wa pwani hawawezi kuushangaa utaratibu huu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalitufikia kwa sehemu kubwa kutokana na kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Ubeti uliofumba jina la mtu au kisa cha mji ulihitaji mfafanuzi. Maelezo yalikaa kando, na ubeti ukabaki ubeti. Laiti mfafanuzi angaliyaingiza maelezo ndani ya mizani, leo kusingekuwa na Muyaka wa kusomwa. Kurasa za mchezaji wa ridhaa hazidai hadhi ya ushairi huo, lakini kanuni ni ileile: anayejua zaidi aandike pembeni.

Ziko, hata hivyo, mahali ambapo kalamu haina budi kuwa kali. Hapo ni pale mhakiki anapotoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia. Mchezo wa E.T. wa Atari 2600, uliotengenezwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa takriban wiki tano ili uwahi soko la Krismasi ya mwaka 1982, umekuwa jalala la kila mwenye maneno. Wahakiki wengi hurudia kwamba ndio mchezo mbaya kupita yote, na kwamba mamilioni ya nakala zake yalizikwa jangwani. Lisemwalo lipo, lakini si lote. Bidhaa za Atari zilizikwa kweli huko Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983. Eneo hilo lilipofukuliwa Aprili 2014, zilipatikana kaseti za E.T. pamoja na za michezo mingine mingi, hata ile iliyouzwa vizuri. Warshaw huyohuyo ndiye aliyetunga Yars’ Revenge, mchezo uliosifiwa sana. Mwandishi wa E.T. aulizwe swali moja tu: je, aliucheza? Kama aliucheza, aeleze yale mashimo ambamo kiumbe hutumbukia kila mara, na jinsi ilivyo kazi kutoka. Kama hakuucheza, kurasa zake zirudishwe.

Ukali huohuo unastahiki kwa hukumu isiyo na kipimo. Elite, mchezo wa David Braben na Ian Bell uliotolewa mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, ulichora vyombo vya angani kwa mistari mitupu. Kuandika kwamba picha zake ni duni ni kusema lililo wazi. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na ndani yake watungaji waliweka makundi 8 ya nyota, kila moja likiwa na sayari 256, zilizozalishwa kwa hesabu badala ya kuhifadhiwa moja moja. Mhakiki ana haki ya kuuona mchezo huo mkavu. Atakiwe tu kuonyesha kwamba anajua ulijengwa kwa matofali gani.

Wapo watakaosema kwamba kuyaacha maneno ya mtu wa ridhaa kama yalivyo ni kumdharau, kana kwamba hawezi kufundishika. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya kosa na sauti. Tahajia, tarehe, majina na mpangilio wa aya ni makosa, nayo yasahihishwe bila huruma, maana msomaji anayejikwaa kila mstari hafiki kwenye ushahidi wenyewe. Namna mtu anavyokumbuka, anachokipa uzito na anachokichukia si makosa. Heshima ya kweli kwa mwandishi mchanga ni kumpa maswali badala ya kumpa sentensi zilizokwisha kupikwa. Akiulizwa “chumba kipi?” au “ulikuwa na umri gani?”, atarudi na aya ambayo msahihishaji asingeweza kuitunga, kwa kuwa hakuwapo.

Kwa sababu hiyo, kazi hii haina budi kumalizikia mikononi mwa mwenyewe. Muswada uliosahihishwa urudishwe kwa aliyeuandika, aone kila kilichokatwa, akubali au akatae. Na nakala ya kwanza itunzwe pamoja na ya mwisho. Ukurasa ukitoka na majina mawili, la mwandishi na la msahihishaji, msomaji wa miaka ijayo atajua nani alishuhudia na nani alipanga maneno.