Hesabu ya Ethan Marcotte

Chukua 300, ugawanye kwa 960. Jibu ni 0.3125, yaani asilimia 31.25. Hesabu ya aina hii, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, ndiyo iliyobadilisha sura ya kurasa unazozisoma kwenye simu yako. Aliyeishikilia hadi ikakubalika duniani ni msanifu wa tovuti wa Marekani, Ethan Marcotte. Tarehe 25 Mei 2010 alichapisha makala katika jarida la A List Apart, na mwaka uliofuata akaigeuza kuwa kitabu. Kisha mwaka 2023 fundi huyohuyo alitoa kitabu kingine, safari hii kuhusu vyama vya wafanyakazi wa teknolojia, You Deserve a Tech Union. Nami ni msanifu wa tovuti, na kwangu vitabu hivyo viwili ni kazi moja. Ili nieleze kwa nini, lazima nianze na ufundi wenyewe, na nitakwenda nao taratibu.

Wasanifu wa kwanza wa tovuti walirithi mazoea ya magazeti. Karatasi ina upana wake na urefu wake, na mpangaji wa kurasa anajua kabla hajaanza kwamba kichwa cha habari kitakaa hapa na picha itakaa pale. Walipohamia kwenye kompyuta waliendelea vilevile. Walipanga kurasa kwa majedwali, wakajaza nafasi tupu kwa vipicha visivyoonekana vya pikseli moja, na baadaye wakakubaliana na upana wa pikseli 960. Namba hiyo haikuokotwa. Ilienea vizuri ndani ya vioo vya kompyuta vya pikseli 1,024 vilivyokuwa vya kawaida wakati huo, na inagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12, 15 na 16, hivyo safu za ukurasa zilipangika bila shida. Ilikuwa namba nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba ilidhani inamjua msomaji.

Mapema, mnamo Aprili 2000, John Allsopp wa Australia alikuwa ameonya katika jarida hilohilo la A List Apart. Alisema kwamba ukurasa wa wavuti kutokuwa na ukubwa maalumu ni asili yake, na msanifu anapaswa kuipokea asili hiyo badala ya kupambana nayo. Wengi walimsoma, wakampongeza, wakarudi kwenye majedwali yao. Mwaka 2007 ikaja iPhone yenye kioo cha pikseli 320 kwa 480, na namba 960 ikaonekana wazi kuwa dhana tu. Makampuni yalikimbilia kujenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Ukimtumia ndugu yako kiungo kutoka kwenye simu, yeye akakifungua kwenye kompyuta, alikuta maneno yamebanwa katika ujia mwembamba katikati ya kioo kitupu. Na kila kifaa kipya kilipotoka, kazi ilianza upya.

Marcotte aliunganisha mambo matatu ambayo kila moja lilikuwa linajulikana. La kwanza ni ile hesabu. Badala ya kumwambia kivinjari kwamba safu hii ina pikseli 300, mwambie ina asilimia 31.25 ya kitu kilichoibeba, kikiwa kipana au chembamba. Hapa ndipo napenda nikae kidogo. Gawanya 220 kwa 960 upate asilimia 22.9166667. Mtu mwenye haraka ataandika 23 aendelee na shughuli zake. Marcotte alisisitiza namba iachwe na mkia wake wote, hata kama inachusha kuitazama, kwa sababu kivinjari kinajua kuikata chenyewe kulingana na kioo kilichopo. Safu 4 za asilimia 23, pamoja na nafasi zinazozitenganisha, zitavuka 100 kwa theluthi moja ya asilimia. Kiasi hicho kidogo kinatosha kuiangusha safu ya mwisho chini ya wenzake. Tangu nilipolielewa hilo nazitazama namba zenye mikia mirefu kwa heshima. Mwenye ukurasa hazioni wala hatakuja kuzisifia, lakini ndizo zinazoushikilia ukurasa wake.

La pili ni picha. Marcotte alitumia majaribio ya Richard Rutter, na kanuni yake inaingia katika mstari mmoja wa CSS, lugha inayoamua sura ya ukurasa: picha isizidi asilimia 100 ya upana wa nyumba yake. Ikipata nafasi ikae kwa ukubwa wake, ikibanwa inywee pamoja na maandishi. La tatu ni swali ambalo ukurasa unakiuliza kivinjari: una upana gani? Jibu likiwa dogo, safu tatu zilizokuwa zimesimama bega kwa bega zinapangana moja juu ya nyingine. Likiwa kubwa, zinarudi.

Mtu anaweza kujifunza hayo yote kwa alasiri moja. Kuamua wapi mpangilio ubadilike ndiko kunakochukua miaka. Msanifu mchanga hukusanya orodha ya simu zinazouzwa sana na kupima ukurasa kwa kila moja. Fundi aliyekomaa huweka maneno yenyewe ukurasani, halafu anauvuta upana polepole, akitazama. Mstari ukizidi herufi 75 hivi, jicho linaanza kupotea linaporudi mwanzo wa mstari unaofuata. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu upangaji wa herufi, aliona 66 ndiyo wastani unaopendeza. Jicho linapoanza kupotea ndipo mpangilio uvunjwe, na jina la simu halihusiki. Kwa sisi tunaopanga kurasa za Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Maneno yetu ni marefu, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hutumbuka kikibeba “Thibitisha malipo”. Mshonaji mwenye akili anaposhona sare ya mtoto huacha upindo mpana, kwa kuwa anajua mtoto atakua hata kama hajui atakua kiasi gani. Marcotte aliwafundisha wasanifu kuacha upindo.

Uthibitisho mkubwa wa kwanza ulikuja Septemba 2011, gazeti la Boston Globe lilipozindua tovuti yake. Marcotte aliijenga pamoja na Filament Group na Upstatement. Hapo ndipo watu walipoona kwamba gazeti zima la kila siku, lenye picha, matangazo na mamia ya habari, linaweza kuishi katika ukurasa mmoja unaojipanga upya. Kuna aliyeifungua katika Apple Newton, kifaa cha mkononi ambacho Apple walikiacha mwaka 1998, na habari zikasomeka. Hakuna aliyekuwa ameipima kazi hiyo kwa ajili ya Newton. Ilijengwa bila kudai mengi kutoka kwa msomaji, na kwa hiyo ikamkubali hata yule ambaye mjenzi hakumfikiria. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo kazi ya mikono inaweza kupata.

Huku kwetu, ambako wengi wameijua intaneti kwanza kupitia simu, na wananunua bando kwa siku au kwa wiki, sifa hiyo si ya kifahari. Ndiyo inayoamua kama mama atasoma maelezo ya chanjo ya mwanawe au atakata tamaa katikati.

Lakini tazama kurasa za leo. Kila mwaka shirika la WebAIM hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2024 lilikuta asilimia 95.9 zina makosa yanayowazuia watu wenye ulemavu kuzitumia, na kosa lililoongoza lilikuwa maandishi yaliyofifia mno dhidi ya mandharinyuma yake. Kiwango kinachotakiwa kwa maandishi ya kawaida ni uwiano wa 4.5 kwa 1. Kila msanifu anakijua, na kurekebisha rangi ni kazi ya dakika moja. Mbona basi tovuti nyingi namna hiyo zinashindwa?

Ufundi upo. Tatizo ni kwamba fundi hana kauli. Anajua kijivu kile hakisomeki juani, anasema, na mkubwa wake anajibu kwamba kinapendeza. Anaomba wiki moja apime ukurasa kwenye simu za bei ya chini, anaambiwa uzinduzi ni Ijumaa. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na nimewaona wenzangu wenye vipaji vikubwa wakinyamaza kwa sababu aliyesema mara mbili mkataba wake haukuongezwa. Ustadi uliowekwa chini ya hofu haufiki kwa msomaji. Ndiyo maana sikushangaa fundi wa safu na asilimia alipogeukia vyama vya wafanyakazi. Alikuwa bado anamshughulikia msomaji yuleyule, safari hii kupitia kwa yule anayemtengenezea ukurasa.

Kitabu chake kilitoka wakati mgumu. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000. Januari 2023 Microsoft ikataja 10,000, Google 12,000, Amazon 18,000. Watu walioaminishwa kwamba kipaji ndicho kinga yao walijikuta wamefungiwa akaunti zao asubuhi moja. Marcotte aliwaambia kwamba wao ni wafanyakazi, kwamba wenzao wameshaungana, na kwamba njia inajulikana.

Njia hiyo nayo ni ufundi, na unafanana na ule wa kwanza kwa uvumilivu wake. Wanaoandaa chama huanza kwa kuchora ramani ya mahali pa kazi: nani yuko idara gani, nani anaaminiwa na nani, nani hajawahi kuulizwa anaonaje. Kisha huzungumza na mtu mmoja mmoja, na kazi yao kubwa katika mazungumzo hayo ni kusikiliza. Huwezi kuwaambia watu 80 tatizo lao ni nini. Mmoja anaumizwa na mshahara, mwingine na saa za kazi, wa tatu na bidhaa anayolazimishwa kuijenga, na chama kinachodumu kinawabeba wote bila kumkata yeyote ili atoshe.

Tarehe 18 Februari 2020 wafanyakazi wa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, walipiga kura kuunda chama, wakashinda kwa 46 dhidi ya 37. Watano tu wangebadili mawazo, chama kisingekuwapo. Ninapozitazama namba hizo naona mazungumzo mengi ya mtu na mtu, yaliyofanywa kwa subira ileile inayoacha namba na mkia wake. Miezi mitatu baadaye kampuni ilipunguza watu, na chama kikafanikisha wanaoondoka walipwe mishahara ya miezi minne.

Katika gazeti la New York Times, wasanifu, wahandisi wa programu, wachambuzi wa data na wasimamizi wa bidhaa walipiga kura Machi 2022, 404 dhidi ya 88. Mkataba wao wa kwanza ulipatikana Desemba 2024, karibu miaka mitatu baadaye, na kabla ya hapo waligoma kuanzia tarehe 4 Novemba, mkesha wa uchaguzi wa rais wa Marekani. Waliwaomba wasomaji wasiguse michezo ya gazeti wala programu yake ya mapishi hadi mgomo uishe. Kubwa walilopata ni kwamba mtu hafukuzwi bila sababu halali. Marekani, ambako mwajiri kwa kawaida anaweza kumwondoa mtu bila kueleza kwa nini, hilo si dogo. Ukiwa na ulinzi huo unaweza kusema kijivu hiki hakisomeki, ukasema tena kesho.

Afrika Mashariki tumo. Tarehe 1 Mei 2023, jijini Nairobi, zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wakichuja maudhui na kusafisha data kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Wao hutazama mabaya ili mimi na wewe tusiyaone, na kazi yao ni sehemu ya kila ukurasa tunaousanifu.

Wengi wetu katika usanifu tuko peke yetu. Tunafanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu, kwa mteja huyu na yule, nyumbani au katika ofisi ya kukodi meza, na hatujui mwenzetu analipwa kiasi gani kwa kazi ileile. Ni kweli kwamba sheria za vyama ziliandikwa zikimtazama zaidi mwajiriwa wa kudumu, na hilo linahitaji kusemwa mbele ya wabunge. Ila Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Tanzania tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayolinda haki ya kujiunga na chama na inayomtaka mwajiri awe na sababu halali anapomwachisha mtu kazi. Nawaomba wasanifu wenzangu wazisome kabla ya kusaini mkataba unaofuata, kisha wamtafute mwenzao mmoja wa kazi hii na kumuuliza kazi inakwendaje, wamsikilize mpaka amalize.