Muda Unaopotea Kabla ya Mashine Kuwaka

Kwenye nyumba nyingi za mbao za Marekani na Kanada, juu ya dari hujazwa pamba ya kioo au selulosi, yaani karatasi kuukuu zilizosagwa, ili joto la ndani lisitoroke. Zikilowa au panya wakihamia humo, huondolewa kwa mashine ya kufyonza yenye injini ya petroli. Mashine hukaa nje na kuvuta kupitia mpira mnene, kwa kawaida wa inchi 6. Msimamizi anayetaka kazi iishe mapema hukimbilia kununua mashine yenye nguvu zaidi. Kwa maoni yangu, aanze kwa kuchunguza asubuhi yake, yaani muda unaopita kabla ya mashine kuwaka.

Kiwandani somo hili ni la zamani. Mwaka 1969 Toyota ilitumia saa 4 kubadilisha kalibu za mashine ya kukandamiza bati ya tani 1,000. Mhandisi Shigeo Shingo alitenga kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inazalisha. Muda ukashuka hadi dakika 90, hatimaye 3.

Darini swali ni lilelile: lipi hasa lazima lisubiri kikosi cha mafundi kifike? Hesabu ya mifuko haisubiri. Dari la mita za mraba 93 lenye selulosi ya sentimita 25 lina mita za ujazo 23 hivi. Kwa mfuko wa mita za ujazo 2, hiyo ni mifuko 12, na ya akiba juu yake kwa kuwa nyenzo hufumuka zikivutwa. Maegesho ya lori na njia ya mpira navyo huamuliwa siku ya ukaguzi, kwa picha na futi kamba.

Siku hiyohiyo ndiyo ya kutafuta vermikulaiti, punje nyepesi za rangi ya kahawia au fedha zilizotumiwa nazo kuzuia joto darini. Nyingi iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, nayo ilichanganyika na asbestosi. Ikionekana, isiguswe; waitwe wataalamu wa asbestosi. Hapa sikubali mjadala wa kuokoa muda, maana vumbi hilo huua watu miaka mingi baadaye.

Mpira ndio unaostahili fikra nyingi zaidi. Kila mita ya ziada na kila kona kali hupunguza mvuto, na fundi wa juu hulipa kwa jasho. Ukipitishwa kwenye dirisha la hewa la ukutani, pale linapofunguka, hauzunguki sebuleni, na sakafu ya kufunika hupungua. Wakati fundi mmoja anatandika nailoni na kuziba matundu ya kiyoyozi, wa pili aunganishe vipande vya mpira akianzia mashineni, wa tatu apandishe taa na mbao za kukanyagia. Wakishika wote mpira mmoja, wawili wanasindikiza tu.

Hata mifuko inamfuata Shingo. Mdomo wa kutolea taka ukigawanywa njia mbili kwa kilango, mfuko mmoja hujaa huku mwingine ukifungwa, na injini haizimwi. Jioni, kipande cha mpira kitakachounganishwa kwanza kesho kipakiwe lorini mwisho.