Spoila Hupimwa kwa Miguu

Toyota Altezza ikikatiza mji wa Kayanga au Omurushaka na bawa refu juu ya buti, hakosekani wa kusema gari hiyo inashika lami. Sifa ya bure. Kinachoshika lami ni tairi. Kazi ya bawa ni kuikandamiza tairi, tena kwa mwendo ambao kona za barabara ya Kyaka hadi Bugene hazimruhusu mtu mwenye akili. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: bawa linalokandamiza kilo 45 kwenye kilomita 180 kwa saa, kwenye 60 hukandamiza kilo 5. Mkungu wa ndizi ndani ya buti unakandamiza zaidi, na jioni unaliwa.

Asiyejua hutazama urefu wa bawa. Mjuzi huinama akatazama miguu. Ibonyeze spoila kwa kiganja. Mfuniko wa buti ukibonyea, hata nguvu ndogo iliyopatikana inaishia kwenye bati. Kisha fungua buti utazame kwa ndani: kuna kipande cha chuma kinachosambaza uzito, au ni skrubu mbili zilizotoboa bati? Walaghai hawana hata skrubu. Hubandika kwa gundi ya utepe, wakaziba ukingo kwa puti na rangi. Hata kwenye mbio za magari miguu ndiyo mtihani. Jim Hall wa Marekani, kwenye gari lake la mashindano, Chaparral 2E ya 1966, aliishusha miguu ya bawa hadi kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, ili mkandamizo ufike kwenye tairi bila kulalia springi. Timu ya Lotus nayo ilisimamisha mabawa marefu kwa nguzo nyembamba. Hispania, 1969, mabawa ya madereva wake Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika katika mashindano yaleyale, na wote wawili wakapata ajali. Miguu iliwashinda Lotus, gundi itaweza?

Wapo watakaotaja Audi TT, iliyoongezewa spoila baada ya ajali za mwendo mkali Ulaya. Kweli, lakini kiwanda kilibadilisha pia sehemu za shokapu na kuongeza mfumo wa kuzuia gari kuserereka. Spoila haikuachiwa kazi peke yake. Wengine watataja Impreza ya Colin McRae, mshindi wa Safari Rally 1997. Gari ile iliinuliwa kwa ajili ya mashimo. Ya kwetu hushushwa, ikawekewa bampa ya kukwangua changarawe njia ya Murongo. Peugeot 504 ilishinda Safari 1975 na 1978 bila bawa lolote.

Spoila nzuri basi ni fupi, ina rangi ya gari, haizidi upana wa buti. Hilo halina mjadala. Ila mwenye matairi vipara na shokapu zinazovuja asiulize bei ya spoila: anunue matairi manne, abadilishe shokapu na bushi, apange magurudumu. Utulivu wa gari unauzwa hapo.