Besi Iliyomeza Maneno

Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano amenunua Toyota Hiace ya zamani, naye hubeba abiria kati ya Moshi na Mwika kupitia Himo na Marangu. Viti vimechanika, lakini kitu cha kwanza alichotengeneza ni muziki: amplifaya chini ya kiti, spika nne ubavuni, na sanduku la besi nyuma kabisa, pale akina mama walipokuwa wakiweka mikungu ya ndizi. "Shikamoo Mwalimu, njoo usikie," akaniambia. Nikaenda.

Alianza na Marijani Rajab, na hapo ndipo nilipotamani kalamu yangu nyekundu. Marijani, aliyefariki mwaka 1995, alikuwa msimulizi. Uzuri wa nyimbo za enzi ile umo katika magitaa yanayojibizana na, zaidi ya yote, katika maneno. Sasa besi ilinguruma kifuani, bati la gari likatetemeka, hadithi yote ikapotea. Nikamwuliza dereva wimbo unasema nini. Hakujua, na huupiga kila siku.

Nisionekane mzee wa kulaani kila kipya. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva hutungwa juu ya ngoma na besi, na katika spika za awali zilisikika kama debe tupu. Kwa hizo amefanya vizuri. Nakiri pia kwamba vispika vya sauti nyembamba alivyofunga karibu na kioo vimenirudishia milio ambayo masikio yangu yalikwisha kuisahau.

Ila hesabu ilimponyoka. Redio yake imeandikwa wati 50 mara 4. Redio ya kawaida ya gari, kwa volti 14 na spika ya omu 4, haitoi sauti safi kupita wati 25 hivi kwa kila spika. Amplifaya ya wati 400 nayo, ikifanya kazi kweli, hudai zaidi ya ampea 33 kutoka betri ya volti 12. Ndiyo maana taa hufifia kila besi inapogonga. Na sikio si mizani ya sokoni: ili lisikie sauti maradufu, nguvu huongezwa karibu mara 10.

Tulipokaribia Mwika bibi mmoja akasema, "Shusha." Akarudia. Konda hakusikia, mimi niliyekaa naye nilimsoma midomo tu. Tulimpitiliza mbali, mvua ikinyesha, akashuka na kapu lake kimya.

Nikamwambia dereva apunguze mpaka abiria wa nyuma asikike. Akacheka. "Sawa Mwalimu, lakini vijana watapanda gari la mwenzangu." Kwa hilo sikuwa na jibu. Jumamosi niliposhuka naye kwenda Moshi, besi ilikuwa chini mpaka Marangu. Himo walipanda vijana watatu, akaipandisha.